Jeshi la Shirikisho la Afrika Mashariki: la kwenye ramani, la 1963 na la Goma, tusiyachanganye

Kuna ramani imezunguka sana kwenye simu za watu hapa Uganda, labda na wewe umetumiwa kwenye grupu la ukoo au la watu mliosoma pamoja. Inaonyesha nchi moja kubwa, Uganda na Kenya na Tanzania zikiwa kitu kimoja, ina bendera yake, na chini yake kuna maelezo ya jeshi: askari wangapi, vifaru vingapi, ndege, meli za vita, mpaka vyeo. Juzi kwenye teksi ya Kampala kwenda Jinja mzee mmoja na kijana walikuwa wanabishana juu ya hiyo ramani toka Mukono mpaka tunavuka msitu wa Mabira. Kijana anasema, "Mzee wangu, hilo jeshi si ndilo liliingia Goma juzijuzi?" Mzee anamjibu, "Hapana mwanangu, hilo lilikuwepo zamani, Amin ndio akaliharibu." Nikanyamaza sababu nilikuwa nashuka, lakini maneno yao nimetembea nayo, maana wote wawili walikuwa na kipande cha ukweli na wote wawili walikosea, na najua hawako peke yao.

Kwa hiyo leo tulifungue hili fundo taratibu.

Hapo kuna vitu vitatu vimechanganywa kwenye sufuria moja. Cha kwanza ni jeshi la kubuni, la nchi ambayo haijawahi kuwepo. Cha pili ni mpango wa kweli wa 1963 ambao ulikaribia kuzaa nchi hiyo. Cha tatu ni ushirikiano wa majeshi uliopo leo chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao ndio ulipeleka askari Goma, mashariki mwa Congo. Ukishavitenganisha hivi vitatu, kelele nyingi zinaisha zenyewe.

Tuanze na maneno kwanza, maana watu wanasema "shirikisho" na "jumuiya" kama vile ni kitu kimoja. Chukua mfano wa steji ya boda. Pale steji kila mtu ana pikipiki yake, kadi ya pikipiki ina jina lake, mafuta anajaza mwenyewe, jioni hela ni zake. Lakini mna chairman, mna jaketi la rangi moja, na mwenzenu akigongwa Jinja Road mnachanga mnampeleka hospitali. Hiyo ndiyo jumuiya. Sasa mkisema tuanzishe sako, kila mtu abaki na pikipiki yake ila akiba, mikopo na sheria za barabarani tuamue pamoja kwenye kikao kimoja, mmesogea kwenye kile wanaita konfederesheni. Na mkisema pikipiki zote ziwe mali ya kampuni moja, bosi mmoja, funguo zote ziko kwake na mshahara unalipwa toka ofisi moja, hilo ndilo shirikisho kamili. Na jeshi ni zile funguo. Ukitaka kujua kama nchi kadhaa zimekuwa nchi moja kweli, usiangalie bendera wala wimbo, uliza nani ana funguo, yaani nani anaweza kumwamuru askari atoke kambini usiku na nani anamlipa mwisho wa mwezi.

Na ile ramani yenyewe ni nini? Kuna watu duniani kote wanapenda kuandika historia mbadala. Wanachukua tukio la kweli, wanalipeleka njia nyingine kwenye njia panda, halafu wanajiuliza dunia ingekuwaje. Ni kazi ya kufikiri, na ikifanywa vizuri inafundisha sana. Tatizo linaanza pale picha inapotoka kwa aliyeichora akijua ni ya kubuni, inatumwa mara mia, na yale maneno ya kusema "hii ni ya kubuni" yanakatwa njiani. Huyo kijana wa kwenye teksi hakudanganywa na aliyechora, alidanganywa na safari ya hiyo picha.

Njia panda ya hii ramani yetu ina tarehe. Ni tarehe 5 Juni 1963, Nairobi. Siku hiyo Julius Nyerere wa Tanganyika, Milton Obote wa Uganda na Jomo Kenyatta wa Kenya walitoa tamko la pamoja kwamba nchi zao zitaungana kuwa shirikisho la kisiasa, na walitaka liwe limesimama kabla mwaka haujaisha. Kenya wakati huo hata uhuru ilikuwa haijapata, iliupata tarehe 12 Desemba mwaka huohuo. Nyerere yeye alishasema tangu 1960 kwamba yuko tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi hizi ziingie kwenye uhuru zikiwa zimeungana. Kwa hiyo haikuwa ndoto ya mlevi, ilikuwa ni kauli ya serikali tatu.

Na upande wa jeshi ndio ilikuwa rahisi kuliko watu wanavyofikiri, sababu jeshi moja lilikuwa limeshakuwepo tayari kwa miaka sitini. Wazee hapa wanaliita Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililoundwa 1902 kwa kuunganisha vikosi vya makoloni yao, kikiwemo kile cha Uganda. Batalioni ya 4 ndiyo iliyokuwa ya Uganda, na ndiyo iliyokuja kukaa Jinja. Wanajeshi wa Keya toka Gulu, toka Kitui, toka Songea walivaa nguo moja, walipiga gwaride moja, walipelekwa pamoja Ethiopia, Madagascar, na mpaka Burma kwenye vita vya pili vya dunia. Na walisema lugha moja, hiki Kiswahili chetu, ingawa chao kilikuwa kifupi kifupi cha kambini na watu wa pwani walikicheka wakakiita Ki-KAR. Mimi ninaamini hapo ndipo Kiswahili kilipopata mguu Uganda na hapohapo ndipo kilipopata jina baya, maana raia wengi walikisikia kwanza toka kwa mtu mwenye bunduki, na miaka ya Amin ikazidisha. Mpaka leo ukimsalimia bibi fulani Masaka kwa Kiswahili anaangalia kwanza mikono yako. Inaniuma, lakini ndivyo ilivyo.

Haya, tuhesabu sasa. Lile shirikisho kama lingezaliwa Desemba 1963, lingerithi nini? Uganda ilikuwa imeingia uhuru tarehe 9 Oktoba 1962 na batalioni moja tu, ile ya 4 ya Keya iliyobadilishwa jina kuwa Uganda Rifles. Tanganyika ilikuwa na mbili, zikaitwa Tanganyika Rifles. Kenya ilikuwa na tatu, ya 3, ya 5 na ya 11. Jumla kama batalioni sita hivi. Batalioni moja huwa ni watu mia kadhaa, ikijaa sana inakaribia elfu, kwa hiyo jeshi lote la hiyo nchi lingekuwa la askari wa kuhesabu kwa maelfu machache, wenye bunduki na malori. Wale wanaotuma ramani yenye mamia ya vifaru na ndege za kivita wanachukua vifaa vya majeshi ya leo wanavijumlisha halafu wanavirudisha nyuma. Hiyo ni kama kumchora babu yako akiwa kijana ameshika smatifoni.

Kuna jambo moja kwenye hiyo ramani ambalo watu wa Kampala wanalicheka bila sababu. Inaonyesha Uganda ikiwa na sehemu kwenye jeshi la majini, na watu wanasema, jamani, Uganda na bahari wapi na wapi? Lakini hilo lilikuwepo kweli. Waingereza walianzisha kikosi cha majini cha Afrika Mashariki kwenye miaka ya 1950, makao yake Mombasa, kilikuwa cha Kenya, Tanganyika, Zanzibar na Uganda kwa pamoja. Kikavunjwa 1962. Kwa hiyo miezi michache kabla Uganda haijapata uhuru, Uganda ilikuwa na hisa kwenye jeshi la majini la baharini, na mwaka mmoja tu kabla ya tamko la Nairobi jambo hilo la pamoja likawa limekufa. Kenya ikaja kuanzisha jeshi lake la majini peke yake Desemba 1964. Sisi tukabaki na ziwa, na leo wanamaji wa UPDF, jeshi la Uganda, wako Nalubaale, Ziwa Victoria.

Sasa tufike sehemu ambayo mimi ndiyo inanishika zaidi, na ambayo wachora ramani wengi wanairuka.

Tuseme basi lile shirikisho lilizaliwa kwa wakati, Desemba 1963. Nchi ina umri wa wiki chache. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yanatokea Zanzibar, hapo mlangoni. Tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika pale kambi ya Colito, Dar es Salaam, wanaasi, wanawakamata maofisa wao Waingereza, kesho yake Tabora nao wanafuata. Tarehe 23 Januari ni Jinja. Askari wetu wanamshika waziri Felix Onama aliyekwenda kuongea nao. Tarehe 24 ni Lanet, karibu na Nakuru, Kenya. Siku tano, nchi tatu, madai yaleyale: mshahara ni mdogo, na kwa nini tumepata uhuru halafu bado anayetuamuru ni Mwingereza? Maana ni kweli, Uganda ilikaribia uhuru ikiwa na maofisa Waafrika wa kuhesabu kwa vidole, wa kwanza wakiwa Shaban Opolot na Idi Amin waliopewa kamisheni 1961.

Shirikisho lisingebadilisha hata kimoja kati ya hivyo. Wangekuwa askari walewale, maofisa walewale, mshahara uleule, ila bendera imebadilika juu ya mlingoti. Nadhani moto ungewaka vilevile, pengine kwa kasi zaidi, maana wangekuwa jeshi moja na habari ingepita ndani ya jeshi moja.

Na angalia kilichofuata, hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo. Serikali zote tatu, kila moja kivyake, zilikwenda kuomba msaada kwa Waingereza waliokuwa wameondoka juzi tu, na Waingereza wakaja wakazima. Lakini baada ya hapo kila nchi ikachukua njia yake. Nyerere alivunja jeshi lote, akaanza upya, na tarehe 1 Septemba 1964 ikazaliwa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na walioingizwa wengi wakatoka kwa vijana wa chama. Kenya iliwapeleka waasi mahakama ya kijeshi na ile batalioni ya 11 ikavunjwa. Uganda serikali ilikubali kupandisha mishahara, na wengi wa wale askari wakabaki, na Amin akazidi kupanda cheo. Swali moja, majibu matatu tofauti kabisa, ndani ya mwaka mmoja. Shirikisho lingelazimika kuchagua jibu moja. Lipi? La kuvunja jeshi? Obote angekubali vijana wake wa Jinja warudishwe nyumbani kwa amri ya rais aliyeko mji mwingine? La kupandisha mishahara? Hela ya nani, hazina ya nani? Ukiweza kujibu hapo ndio unaweza kuchora jeshi la hiyo nchi, kabla ya hapo unachora sare tu.

Na haya maswali ndiyo, kwa kiasi kikubwa, yaliyoua mpango wenyewe hata kabla ya maasi. Mazungumzo ya 1963 yalikwama kwenye mambo kama mji mkuu uwe wapi, nani ashike mambo ya nje, uraia, hela za kukopa. Uganda tulikuwa na jambo la zaidi, ufalme wa Buganda. Katiba ya 1962 ilishaipa Buganda madaraka yake ndani ya Uganda, Mengo, makao ya ufalme huo, hawakuwa tayari kuona Kabaka, mfalme wao, anakuwa mdogo ndani ya nchi kubwa zaidi, na Obote wakati huo alikuwa anatawala kwa muungano na chama cha Kabaka Yekka, kwa hiyo mkono mmoja alisaini Nairobi na mkono wa pili ulikuwa umeshikwa Mengo. Wanaosema Amin ndiye aliyeua shirikisho wanamsingizia kwa hilo, banange, ana makosa yake mengi na makubwa lakini hili halimo, alichukua nchi tarehe 25 Januari 1971, miaka zaidi ya saba baadaye. Kilichokufa wakati wa utawala wake ni kitu kingine, ile Jumuiya ya kwanza ya 1967, iliyovunjika 1977, na sababu zake zilikuwa nyingi, yeye akiwa mojawapo. Mzee wa kwenye teksi nafikiri alichanganya hapo.

Kuna wengine wanakwenda mbali zaidi wanasema kama shirikisho lingekuwepo basi vita vya Kagera visingetokea, Uganda na Tanzania zisingepigana 1978 na 1979. Hili linagusa, maana watu wengi walikufa kwenye ile vita, na kule Masaka na Mbarara wapo wanaokumbuka mabomu. Lakini haiwezi kuthibitishwa. Nchi moja inaweza ikapigana yenyewe kwa yenyewe, na Uganda yetu tuliiona hiyo tarehe 24 Mei 1966 jeshi lilipovamia Lubiri, ikulu ya Kabaka, na Kabaka Mutesa akakimbilia uhamishoni. Hakukuwa na mpaka wa nchi pale, ni Mengo na Kampala.

Kama mtu anataka kuona jeshi la muungano la kweli, asiende kwenye ramani ya kubuni, aende Tanzania. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, miezi mitatu baada ya hayo maasi. Jeshi ni moja, JWTZ, amiri jeshi mkuu mmoja, hazina moja inalipa. Lakini Zanzibar ina serikali yake, na ina vikosi vyake yenyewe, kama KMKM cha kuzuia magendo baharini na JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi. Hao hawako chini ya JWTZ kwenye kazi zao za kila siku. Yaani hata walioungana kweli, kwa zaidi ya miaka sitini, bado waliacha funguo ndogo upande mmoja. Mimi hilo ndilo naona somo zuri kwa yeyote anayetaka kubuni jeshi la nchi ambayo haijawahi kuwepo, anzia hapo.

Turudi kwa yule kijana sasa na Goma yake.

Jumuiya ya leo iliundwa kwa mkataba uliosainiwa 30 Novemba 1999, ukaanza kazi 7 Julai 2000. Leo ina nchi nane, za mwisho kuingia zikiwa Congo mwaka 2022 na Somalia 2024. Kwenye ulinzi kuna itifaki ya ushirikiano iliyosainiwa Arusha 2012, na majeshi yanafanya mazoezi pamoja yanaitwa Ushirikiano Imara. Lakini Jumuiya yenyewe haina jeshi. Haina hata askari mmoja anayelipwa mshahara wa kudumu na makao yake makuu, Arusha. Ni steji ya boda, jaketi ni moja, pikipiki kila mtu na yake.

Kilichoingia Goma kuanzia Novemba 2022 kilikuwa kikosi cha kanda cha Jumuiya. Kenya ilitoa askari wake, Burundi wake, Uganda wake, Sudan Kusini wake, kila nchi ikibeba wa kwake, kamanda alitoka Kenya. Wa Uganda walikuja mwaka uliofuata wakakaa upande wa Bunagana, pale mpakani na Kisoro. Desemba 2023 muda ukaisha, Congo haikutaka kuongeza, wakaondoka wote kila mmoja akarudi kwenye jeshi lake. Jeshi la nchi moja haliambiwi na mwenye nyumba "muda wako umeisha" halafu likagawanyika vipande vinne barabarani. Hapo tu unajua ilikuwa ni mchango wa steji.

Na tafadhali watu tusichanganye hicho na Operesheni Shujaa. Shujaa ni Uganda na Congo wawili tu, ilianza 30 Novemba 2021 dhidi ya waasi wa ADF, wiki mbili baada ya yale mabomu ya Kampala, Jumuiya haimo. Na walioko Somalia tangu Machi 2007 walikwenda chini ya Umoja wa Afrika, nako Jumuiya haimo. Mama ambaye mtoto wake yuko UPDF anaweza kusikia redioni "vikosi vya Afrika Mashariki vinaondoka" akadhani mwanawe anarudi nyumbani, kumbe yuko operesheni nyingine kabisa. Ndiyo maana haya maneno yana uzito kwangu.

Shirikisho lenyewe bado limeandikwa kwenye mkataba kama lengo la mwisho. Mwaka 2017 marais walikubali waanze na konfederesheni kwanza, na kamati ya kuandaa katiba yake imekuwa ikizunguka nchi wanachama kuuliza raia maoni, zikiwemo Burundi na Uganda. Ukikutana nao, waulize la funguo. Kwenye konfederesheni kwa kawaida kila nchi inabaki na jeshi lake na mkuu wake wa majeshi, kinachoamuliwa pamoja ni lini na wapi wasaidiane, na nani analipa mafuta ya lori.

Kuna kitu kimoja cha lile jeshi la zamani ambacho hakuna aliyekigawanya. Askari wa Uganda akiitwa na mkubwa wake anajibu "Afande." Wa Kenya anajibu hivyohivyo, na wa Tanzania pia. Neno hilo lilikuja na wanajeshi wa Kisudani, wale Wanubi wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana kusini mwa Sudan, ambao ofisa Mwingereza Lugard aliwachukua 1891 akawaleta huku Uganda, linatokana na effendi ya Waturuki, Keya ikalibeba ikalisambaza kambi zote, toka Bombo mpaka Lanet mpaka Colito. Huyo mwanajeshi anayelitamka asubuhi ya leo kwenye gwaride pengine hata hajui ni la nani.